Peugeot 504 na Datsun 1600 SSS: ushindi wa mbio na ushindi wa mzigo

KIBULI, KAMPALA — Kilima cha Kibuli ni mzani mzuri wa gari. Juu yake upo msikiti mkubwa unaoonekana kutoka sehemu nyingi za mji, pamoja na hospitali, shule na chuo cha mafunzo ya polisi. Chini yake ipo reli na Eneo la Viwanda, ambako malori hupakia na kushusha mchana kutwa. Gari linalopanda kutoka huko chini likiwa na abiria na mizigo halichelewi kujulikana. Kuna linaloomba gia ya kwanza kabla ya kufika nusu ya mlima, kuna linalopanda taratibu bila kulalamika, na kuna linalofika juu likitoa mvuke.

Leo magari mengi yanayopanda hapo ni Toyota zilizotumika Japani kabla ya kuletwa Uganda. Hata hivyo, kwa wanaoyakumbuka magari ya miaka ya 1970, majina mawili hayakosi kutajwa: Peugeot 504, ambayo wengi huiita Pijo basi, na Datsun 1600 SSS. Yote mawili yalishinda mbio za Safari. Yote mawili yalipendwa pande zote za mipaka ya Kenya, Uganda na Tanzania. Na kila moja lina watu walio tayari kubishana mpaka chai ipoe.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, ubishi huu si wa kupitishia muda tu. Anayelinunua gari la zamani, anayelikarabati, au anayeuza spea zake anaweka fedha mahali ambapo sifa nyingi haziandikwi kwenye risiti. Kujua gari lipi lilikuwa bora kwa kazi gani ni kujua thamani ya kile unachonunua.

MAGARI YA KIZAZI KIMOJA

Magari haya yalizaliwa karibu wakati mmoja. Datsun ya familia inayojulikana kwa namba 510 ilitoka Japani mwaka 1967, na toleo lake la kasi ndilo lililopewa herufi SSS. Mwaka mmoja baadaye, 1968, Peugeot ilizindua 504 mjini Paris. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, na gari hilo likatangazwa kuwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya kwa mwaka 1969.

Yanafanana kwa jambo moja ambalo wakati huo halikuwa la kawaida kwa magari ya familia. Saluni zote mbili zilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea. Kwenye magari mengi ya rika lao, ekseli ya nyuma ilikuwa chuma kimoja kizima: gurudumu la kushoto likiruka shimo, la kulia nalo linasumbuka. Kwenye 504 na 1600 SSS, kila gurudumu la nyuma lina mkono wake na springi yake ya duara. Moja likiingia kwenye shimo, jingine hubaki limekanyaga ardhi. Kwa barabara za murram za miaka hiyo, hiyo ilikuwa tofauti ya kufika na kutofika.

Baada ya hapo, njia zao zinaachana. Datsun ilikuwa gari dogo, jepesi, lenye injini inayopenda kuzunguka kwa kasi. Peugeot ilikuwa kubwa zaidi, nzito zaidi, na iliundwa kwa ajili ya safari ndefu na mzigo.

SAFARI ILIYOVUKA MIPAKA

Sifa za magari haya Afrika Mashariki zilijengwa na mashindano. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 zikaitwa East African Safari. Magari yalikimbia maelfu ya kilomita kwa siku chache, usiku na mchana, kwenye vumbi na tope, katika barabara zilezile ambazo wakulima na wachuuzi walizitumia kila wiki. Mtu wa kijijini hakuhitaji kusoma tangazo la gazeti. Aliliona gari kwa macho yake likipita, au likivutwa na trekta.

Peugeot ndiyo iliyotangulia kupata heshima. Kabla ya 504, ndugu yake mkubwa, 404, ilishinda mara nne: mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell.

Mwaka 1970 Datsun ikajibu. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari wakiwa na 1600 SSS, na Datsun ikachukua pia tuzo ya timu. Mwaka uliofuata Herrmann alishinda tena, safari hiyo akiwa na Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye injini ya silinda sita. Mwaka 1973 Shekhar Mehta naye alishinda kwa 240Z. Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia inayojulikana kwa kiwanda cha sukari cha Lugazi, kwenye barabara ya kwenda Jinja. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, alihamia Kenya. Baadaye alishinda Safari mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun. Jumla ya mara tano.

Peugeot 504 ilipata zamu yake mwaka 1975, pale Ove Andersson na Arne Hertz walipofika wa kwanza. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya silinda sita. Hapa inafaa kutenganisha mambo: gari la 1978 halikuwa saluni ambayo mwalimu au mwenye duka angeweza kuinunua. Lile la 1975 lilikaribia zaidi gari la watu.

Katikati ya miaka ya 1970, Safari ikabaki ndani ya Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ikavunjika. Mbio zikakoma kuvuka mipaka, lakini magari yenyewe hayakukoma. Pijo ziliendelea kubeba abiria na magunia hadi mpakani, na mara nyingi zaidi ya mpaka.

NAMBA KWENYE KARATASI

Tuziweke namba mezani, tukianza na Datsun. Injini ya 1600 SSS ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,595. Kemshafti yake iko juu ya silinda hedi na huzungushwa kwa mnyororo. Ina kabureta mbili. Japani iliitangaza kuwa na nguvu za farasi takriban 100. Gari lenyewe lina uzito wa kilo 930 hivi, urefu wa mita 4.1, matairi ya inchi 13, breki za diski mbele na za dramu nyuma.

Peugeot 504 ilianza na injini ya sentimita za ujazo 1,796, kisha kuanzia mwaka 1970 ikapata ya 1,971. Nayo ina silinda nne, lakini kemshafti yake iko chini ndani ya bloku na husukuma valvu kwa vijiti virefu. Yenye kabureta ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 93, na yenye pampu ya kudunga mafuta ilizidi 100 kidogo. Uzito wake ni kilo 1,200 hivi, urefu mita 4.49, matairi ya inchi 14, na saluni nyingi zilikuja na breki za diski kwenye magurudumu yote manne.

Mtu akisoma haraka atasema Datsun ya 100 imeishinda Peugeot ya 93. Asifanye haraka. Wajapani wa miaka hiyo waliipima injini ikiwa peke yake, bila mzigo wa vifaa vyote inavyoviendesha ikiwa ndani ya gari. Kipimo kilichotumiwa kwa Peugeot kilikuwa cha injini ikiwa na vifaa vyake. Tofauti ya vipimo hivyo kwa kawaida ni kati ya asilimia 10 na 15. Kwa hiyo zile 100 za Datsun, zikipimwa kwa mzani wa Ulaya, zinakaribia 85 hadi 90.

Hata hivyo, hesabu bado inaipa Datsun ushindi. Gawa nguvu kwa uzito: Datsun hupata takriban farasi 95 kwa kila tani, Peugeot hupata 77 au 78. Barabara ikiwa tupu na gari likiwa na dereva peke yake, Datsun huondoka kwanza, hukata kona vizuri zaidi na huhitaji nguvu ndogo kusimama. Likikwama kwenye tope, watu wachache wanaweza kulisukuma. Kwenye mbio hizo ni faida kubwa, na ndiyo sababu 1970 haikuwa bahati.

MWINUKO UNAVYOKULA NGUVU

Kuna jambo ambalo vitabu vya kiwanda havikulieleza, ingawa kila dereva wa Afrika Mashariki analihisi mguuni. Injini ya kabureta hupumua hewa, na hewa ya milimani ni nyepesi. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa ina uzito wa takriban asilimia 89 tu ya ile ya Mombasa. Peugeot ya farasi 93 ikifika Kibuli imebaki na 83 hivi. Ikielekea Nairobi kupitia Eldoret, Timboroa iko kwenye mwinuko wa mita 2,700 hivi, na hapo hubakiwa na 70 au zaidi kidogo. Datsun nayo hupoteza kwa kiwango hichohicho.

Nguvu zikipungua hivyo, jambo la muhimu ni namna injini inavyovuta ikiwa haijazunguka sana. Injini ya Peugeot hufikia uwezo wake mkubwa wa kuvuta karibu na mizunguko 3,000 kwa dakika. Ya Datsun SSS huufikia karibu na 4,000. Kwa dereva wa mbio, 4,000 si tatizo, kwa sababu hashuki chini ya hapo. Kwa dereva mwenye watu sita na magunia mawili ya vitunguu, kila mzunguko wa ziada ni mafuta, joto na uchakavu. Akiipandisha Datsun mlima huo kwa gia ya pili ikipiga kelele, atafika, lakini injini itakuwa imefanya kazi ya siku mbili kwa siku moja.

Umbali nao una hesabu yake. Tangi la saluni ya 504 hubeba lita 56, na la Datsun lita 46 hivi. Tukikadiria kwamba yote mawili yanakula lita 10 kwa kila kilomita 100, Peugeot ina kilomita 560 ndani yake na Datsun 460. Kutoka Kampala hadi Malaba ni takriban kilomita 220. Kwenda na kurudi ni 440. Peugeot hurudi nyumbani ikiwa na akiba. Datsun huingia Kampala dereva akiwa ameikodolea macho sindano ya mafuta. Katika nyakati ambazo petroli ilikuwa ya kutafuta, hiyo haikuwa tofauti ndogo.

MZIGO NDIO HAKIMU

Kwenye mzigo ndipo mizani inapoegemea upande mmoja. Datsun 1600 SSS ni gari la watu watano na mabegi yao. Ukilijaza mizigo mizito nyuma, mikono ya magurudumu hushuka, matairi hulala yakiangalia nje kwa chini, na kingo za ndani huliwa upesi. Yeyote aliyewahi kuona Datsun ya zamani imekaa nyuma kama mbwa aliyechoka anajua hali hiyo.

Peugeot walilijua tatizo hilo, kwa sababu saluni yao nayo ingelipata. Walichokifanya ni kuunda 504 nyingine kwa ajili ya kazi. Ile ndefu, ya kubebea familia na abiria, ilipewa ekseli nzima ya nyuma na springi nne za duara badala ya mbili. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma uliongezwa kutoka mita 2.74 hadi mita 2.9. Toleo lake la safu tatu za viti ndilo lililogeuka teksi ya masafa marefu katika nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1979 likaja toleo la pikapu lenye nafasi ya mita 3 kati ya magurudumu, lililoundwa kubeba mzigo wa tani moja na zaidi.

Haki itendeke kwa Wajapani: nao walikuwa na pikapu za Datsun, na zilikuwa imara. Lakini hizo zilikuwa magari mengine, zenye umbo lingine na springi za vyuma bapa vilivyopangwa pamoja. SSS yenyewe haikuwahi kuwa gari la mizigo. Anayeisifu Datsun kwa ushindi wa Safari huku akiwaza pikapu ya mjomba wake anachanganya magari mawili.

KWENYE KARAKANA

Gari linaloshinda siku tano linahitaji mafundi wengi walioandaliwa. Gari la biashara lina fundi mmoja, chini ya mwembe, na zana alizonazo. Kwa hiyo swali la tatu ni hili: likiharibika, linarudi barabarani kwa njia gani?

Bloku ya Peugeot ina siri inayopendwa na mafundi. Silinda zake ni slivu, yaani mabomba ya chuma yanayochomeka ndani ya bloku na kuzungukwa na maji. Zikichakaa, fundi huzitoa na kuingiza seti mpya ya slivu na pistoni. Hahitaji mashine ya kuchonga bloku. Injini inaweza kufumuliwa na kurudishwa ndani ya karakana ndogo, ilimradi fundi awe mwangalifu na vifungio vya chini vya slivu. Akivikosea, maji huingia kwenye oili, na kazi yote hurudi mwanzo.

Bloku ya Datsun ni chuma kimoja, na silinda zimechongwa humohumo ndani. Zikichakaa, hupelekwa kwa mwenye mashine ili zipanuliwe, kisha hufungwa pistoni za saizi kubwa zaidi. Baada ya kupanuliwa mara kadhaa, chuma hupungua na bloku hufika mwisho wake. Kwa upande mwingine, injini hii huvumilia sana kabla ya kufika huko. Mnyororo wa kemshafti ukitunzwa na oili ikibadilishwa kwa wakati, haidai mengi.

Peugeot nayo ina udhaifu wake, na muuzaji mwaminifu hatauficha. Wa kwanza ni feni. 504 nyingi zina feni inayojiunga na injini kwa sumaku ya umeme pale maji yanapopata joto. Wazo ni zuri, kwa kuwa huokoa mafuta. Lakini kibrashi chake au swichi yake ya joto ikifa, feni haizunguki, na dereva hagundui mpaka mvuke utoke. Silinda hedi ya aluminiamu ikichemka hupinda, na gasketi huungua. Mafundi wengi huifunga feni hiyo kwa skrubu ili izunguke muda wote. Anayenunua 504 ya zamani na aitazame feni kabla ya kuitazama rangi.

Udhaifu wa pili ni klachi. Kati ya giaboksi na difu ya saluni kuna bomba imara linaloviunganisha. Bomba hilo hulifanya gari litulie barabarani, lakini kubadilisha klachi kunakuwa kazi ya kusogeza vitu vingi. Kwenye Datsun kazi hiyohiyo ni nyepesi zaidi.

Kuhusu spea, muda umefanya kazi yake. Datsun 510 iliacha kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Injini yake ilibahatika, kwa kuwa jamii yake iliendelea kutumika kwenye Datsun na Nissan nyingine kwa miaka mingi, na vitu vingi vya ndani vinaingiliana. Lakini taa, bampa, milango na vioo vya 510 ni vya kutafuta. Peugeot 504 ilitengenezwa Ufaransa hadi miaka ya 1980, na jumla ya zilizotengenezwa ilizidi milioni 3. Kenya iliendelea kuziunganisha hadi mwaka 2004. Injini yake iliingia pia kwenye Peugeot 505. Ndiyo maana spea za 504 bado zina njia nyingi za kupatikana katika ukanda huu, mpya na zilizotumika.

Anayeleta spea kutoka upande wa Kongo, Rwanda au Burundi na akumbuke kitu kimoja. Huko magari hupita upande wa kulia wa barabara, na usukani uko kushoto. Pistoni, slivu, silinda hedi, giaboksi na difu hazijali usukani uko wapi. Mfumo wa usukani na dashibodi vinajali. Mtu akinunua Goma usukani kamili wa 504 kwa ajili ya gari la Kampala, amenunua chuma chakavu.

MPAKANI, UMRI NI SHERIA

Mpaka hapa, mtu anaweza kusema: basi, nitaitafuta 504 nzuri Kenya, niivushe Busia, niisajili Uganda. Hapo ndipo fedha za watu hupotea.

Sheria ya Uganda ya usalama barabarani, ilivyorekebishwa mwaka 2018, inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu lilipoundwa, isipokuwa aina chache zilizotajwa. Kenya ina kikomo cha miaka minane kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa. Tanzania haikufunga mlango kabisa, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Peugeot 504 ya mwisho kabisa kuunganishwa Kenya, ya mwaka 2004, imekwishapita kikomo cha Uganda. Datsun 1600 SSS ilikipita zamani sana.

Maana yake ni kwamba magari yaliyosajiliwa Uganda tangu zamani ndiyo akiba iliyopo, na likiuzwa nje ya nchi huenda lisiweze kurudi. Mwenye 504 yenye kitabu halali cha usajili ana mali ambayo haiingizwi tena kirahisi kwa meli wala kwa barabara. Akiiuza kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu feni imekufa na silinda hedi imepinda, ameuza kitu ambacho hatakipata tena kwa bei hiyo. Rahisi ni ghali, wahenga walisema, na muuzaji naye yumo ndani ya methali hiyo.

Kuvuka kwa muda ni jambo tofauti. Gari lililosajiliwa nchi moja linaweza kuingia nchi jirani kwa kibali cha muda cha forodha, likiwa na bima inayotambulika, kama kadi ya njano ya COMESA, ambayo hutumika Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo. Busia na Malaba ni vituo vya pamoja vya mpakani, ambapo msafiri husimama mara moja kwa taratibu za nchi zote mbili. Kibali kina tarehe ya mwisho. Gari likipitisha tarehe hiyo, forodha hulihesabu kama gari lililoingizwa bila ushuru, na wakati huo uzee wake huwa mzigo badala ya sifa.

Spea nazo zina hesabu yake. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha. Pistoni ya Japani au slivu ya Ufaransa haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kulala usiku mmoja kwenye duka la Nairobi. Hulipiwa ushuru kama kawaida. Anayepanga bei ya kuuza soko la Kisekka na aanze hesabu yake hapo.

HUKUMU

Kama swali ni lipi kati ya saluni hizi mbili lilikuwa la kasi zaidi kwa uzito wake, jibu ni Datsun 1600 SSS, na ushindi wa 1970 ni ushahidi wa kutosha. Kama swali ni lipi lililobeba maisha ya watu zaidi, jibu ni Peugeot 504, na hasa zile ndefu na pikapu ambazo hazikuwahi kupigwa picha kwenye jukwaa la washindi. Mshindi wa mbio alitafuta wepesi. Mshindi wa biashara alitafuta springi za nyuma, tangi kubwa, mvuto wa chini na silinda zinazotolewa kwa mkono.

Kwa anayenunua leo, mpangilio wa maswali ni huu. Kwanza, tazama kitabu cha usajili: namba ya chesi na ya injini zilingane na zilizoandikwa, na gari liwe limesajiliwa nchi unayotaka kulitumia. Pili, tazama kutu kwenye sakafu na kwenye sehemu zinazoshika mikono ya magurudumu ya nyuma, maana injini hupatikana lakini bodi ya Datsun haipatikani. Tatu, washa injini ikiwa baridi, iache ipate joto, uone kama feni inaamka. Nne, fungua kifuniko cha oili utazame kama kuna rangi ya maziwa, dalili kwamba maji yamechanganyika. Tano, lipandishe mlima likiwa na watu ndani. Gari tupu hudanganya.

Kwa hilo la tano, wakazi wa Kampala hawana haja ya kwenda mbali. Barabara inayotoka Eneo la Viwanda kupanda Kibuli iko pale pale, na bado haijamuonea haya dereva yeyote.